Binti wa Mboje, Mwana wa Jilala

“Usigeuke,” Philomena alinong'ona. “Ameingia.”

Milembe hakugeuka. Alikuwa ameinamia sinia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akigawa kwenye visahani, na kijiko kikabaki hewani. Hakuuliza ni nani. Katika Bariadi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Philomena angemtaja kwa sauti ile.

“Yuko peke yake?”

“Yuko na vumbi la barabara ya Mwanhuzi, kichwani hadi miguuni. Mke simwoni.”

“Sijauliza habari za mke.”

“Kwa mdomo, hapana.”

Milembe akaweka kijiko chini, akajifuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni. Kisha akageuka, maana shingo yake ilikuwa imeshakataa kumtii.

Ngassa alikuwa amesimama langoni mwa shule ya msingi, kofia mkononi, shati lake jeupe limegeuka rangi ya udongo. Mabega yalikuwa yamepanuka. Juu ya masikio kulikuwa na mvi mbili tatu zilizomshangaza Milembe, kana kwamba alitegemea muda ungemngoja mtu huyu mahali alipomwacha. Lakini namna ya kusimama ilikuwa ile ile: uzito wote mguu mmoja, kama abiria anayengoja basi asilojua litafika saa ngapi. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Ngassa akayainamisha yake kwanza, akatabasamu akitazama chini, ndipo akayainua tena. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye mlango wa maktaba, enzi zile za chuo kikuu.

“Mungu wangu,” Milembe alisema polepole.

“Mwombe vizuri,” Philomena alimjibu, akachukua sinia, akaondoka nalo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, mwaka 1996. Pamba ilikwisha vunwa, na waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka Bariadi, Maswa na Meatu walikuwa wameitana kwa mara ya kwanza, ili waonane na waulizane maisha yamewapeleka wapi. Wazo lilikuwa la Joakim, mnunuzi wa pamba, ambaye alizunguka na pickup yake vijiji vyote akialika watu kama mtu anayetangaza harusi. Philomena, aliyewahi kulala chumba kimoja na Milembe huko chuoni na sasa alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, ndiye aliyepanga ratiba. Milembe alipewa chakula. Alikubali kwa sababu chakula kinampa mtu kazi ya mikono, na yeye alijua fika kwamba Ngassa angealikwa.

Walikuwa wamependana kwa miaka mitatu. Yeye akisomea ufamasia, Ngassa uhandisi wa maji. Walipomaliza mwaka 1988, Milembe alirudi nyumbani Nkoma akalitaja jina la Ngassa mbele ya baba yake. Mzee Mboje alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: huyo ni mtoto wa nani? Milembe akasema, mtoto wa Jilala wa Shishiyu. Mzee akasimama, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Kila mtu wa nchi ile alijua sababu. Ngoma za Usukumani zina pande mbili, Wagalu na Wagika, na kila mwaka baada ya mavuno pande hizo hushindana. Kila upande una manju wake, anayetunga na kuimbisha, na sehemu ya kazi yake ni kumchokoza manju wa upande wa pili mpaka watu waache ngoma ya mwenzake, wahamie kwake. Mboje alikuwa manju wa Wagalu. Jilala alikuwa manju wa Wagika. Nje ya uwanja walikuwa marafiki wa kulala nyumba moja. Jilala alimwachia Mboje ng'ombe amfugie, na alipokuja kuwatazama alikula na kulala pale pale Nkoma.

Mwaka ambao Milembe alikuwa na umri wa miaka kumi, Jilala alisimama kwenye mashindano akaimba kwamba fisi aliingia kwenye zizi la Mboje, na Mboje akajificha ndani ya kihenge cha mtama, na aliyemfukuza fisi alikuwa mkewe kwa mwiko wa ugali. Hata Wagalu wenyewe walicheka mpaka wakakaa chini. Mboje hakujibu. Alivua njuga zake miguuni mbele ya watu wote, akaenda nyumbani, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiimba tena. Wimbo wenyewe ulienea hadi Mwanza. Milembe aliusikia kisimani, shuleni, na kwenye harusi za watu.

“Alikula ugali wangu,” Mzee Mboje alimwambia bintiye jioni ile ya mwaka 1988, aliporudi kutoka zizini. “Akalala kwenye ngozi yangu. Akaamka akanifanya kichekesho cha nchi nzima. Mimi sikuzuii kuolewa, mwanangu. Nyumba ile tu.”

Milembe hakuweza kumwumiza baba yake mara ya pili. Alimwambia Ngassa aende zake. Na Ngassa akaenda.

“Mwadila, Milembe.”

Alikuwa ameshafika mezani. Harufu yake ilikuwa ya jua na mafuta ya mashine.

“Mwadila. Karibu sana. Umekuja na gari gani?”

“Lori la pamba. Nimekaa juu ya robota.” Akajipangusa bega, vumbi likaruka, wote wawili wakarudi nyuma. “Samahani.”

“Kwa hiyo uko Mwanhuzi sasa?”

“Tangu mwezi wa tatu. Tunachimba visima.”

“Mwezi wa tatu,” Milembe alirudia. Duka lake la dawa lilikuwa karibu na stendi ya mabasi, na maandishi yake yalisomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Tangu mwezi wa tatu mtu huyu hakuwahi kuumwa hata kichwa? “Karibu michembe,” alisema, akampa kisahani, na Joakim akamwokoa kwa kupuliza kwenye kipaza sauti.

“Jamani, tukae! Hapa hakuna profesa, hakuna insha. Kila mtu asimame, aseme maisha yamemtupa wapi, na nyumbani wameona nini kutoka kwake. Naanza mimi, maana mimi ndiye mwenye kipaza sauti.”

Watu wakacheka, wakasogeza viti chini ya maturubai.

“Mimi nilisomea uchumi. Nikapewa ofisi kwenye chama cha ushirika, na kiti kinachozunguka. Ulipofunguliwa mlango kwa wanunuzi binafsi, pamba ikapita nje ya dirisha langu, mimi nazunguka tu kwenye kiti. Nikaacha kazi, nikawa wakala. Watu wakasema, Joakim amesoma vitabu vyote vile akaishia kubeba mizani. Ni kweli, nimebeba. Lakini zamani nilikuwa nawajua wakulima kwa tani. Sasa nawajua kwa majina yao na ya watoto wao.”

Akasimama Winnie, wakili kutoka Mwanza, akasema anatetea wajane wanaonyang'anywa mashamba, na kwamba kila anapokuja nyumbani kula sikukuu anakuta wateja wamekaa kwa mama yake. Akasimama Sayi, mtu mrefu mwenye fimbo ya kuchungia.

“Nilisoma falsafa. Nafuga ng'ombe Shishiyu. Sina zaidi.”

“Na falsafa imekusaidia nini?” mtu akauliza.

“Nimewauliza ng'ombe swali hilo hilo. Bado wanatafuna.”

Kicheko kilipotulia, Philomena alisimama bila kukipokea kipaza sauti, kwa kuwa sauti yake ilizoea kufika bwenini. Alisema wasichana wake wanafaulu mitihani lakini hawajawahi kumwona mhandisi mwanamke wala kuongea na wakili. “Leo sitaki harambee. Nawataka nyinyi wenyewe. Wiki moja kila mwaka, kila mmoja aje shuleni kwangu afundishe anachokijua.” Kisha akamtazama Sayi. “Hata wewe. Uje na ng'ombe mmoja.” Mikono ikanyooshwa kila kiti, na Philomena, ambaye wanafunzi waliamini hana machozi, akakaa haraka akawa anatafuta kitambaa kwenye mkoba.

Zamu ya Milembe ilipofika, alisimama akiwa bado na khanga ya jikoni.

“Nilikuwa hospitali kubwa Mwanza. Nikaacha, nikaja kufungua duka la dawa hapa mjini. Mwanzoni watu walikuwa wakipita kuchungulia tu, wamwone mwenye digrii anauza vidonge vya malaria. Sasa wazee wananiita ‘mayu’, mama wa dawa. Wananieleza magonjwa ambayo hata wake zao hawayajui.” Akangoja wamalize kucheka. “Basi. Niko nyumbani. Nimefurahi kuwa nyumbani.”

Ngassa alisimama wa mwisho. Alizungusha kofia mikononi.

“Nimekaa Dodoma miaka minane nikichimba maji. Kazi nzuri, watu wazuri. Mwaka huu nikaomba uhamisho kuja Meatu. Mkuu wangu akashangaa. Akaniuliza, kule kukavu vile, unafuata nini? Nikamwambia nafuata maji.” Macho yake yalipita viti vyote yakaenda yakatua kwenye khanga ya jikoni. “Sikumwambia yote.”

Halafu mwanamke mmoja huko nyuma, bila kuulizwa na mtu, akapiga vigelegele.

Milembe aliinuka akaondoka. Alitembea kama mtu anayewahi sufuria jikoni, akapita jiko, akapita tangi la maji, akafika nyuma ya jengo la darasa la saba, ndipo akasimama. Nyayo zikamfuata. Hakuwa na haja ya kutazama.

“Unasema mbele za watu wote wale?”

“Nimesema maji.”

“Ngassa!”

“Nimekosea. Lakini nimepita kwenye duka lako mara nne, Milembe. Mara nne nimesimama ng'ambo ya barabara, nikakuona unamhesabia bibi vidonge, nikarudi Mwanhuzi. Leo nilijua nisiposema kwenye kipaza sauti sitasema kamwe.”

“Miaka minane!” Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. “Hata salamu!”

“Ulinifukuza wewe.”

“Nilikwambia uende. Sikukwambia ukae miaka minane!”

“Mimi mhandisi. Nikiambiwa nenda, naenda. Hukunitajia siku ya kurudi.”

Milembe alitaka kukasirika. Alijitahidi kabisa. Lakini kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akaweka kiganja mdomoni, na hata hapo kikatokea puani. Ngassa naye akacheka, taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

“Ningekuja kufanya nini?” akauliza, kicheko kimekwisha usoni. “Kukwambia uchague tena kati yangu na baba yako? Nilikuona ulivyolia mara ya kwanza. Sikutaka kuwa mtu wa kukuliza hivyo mara mbili.”

Upepo ulivuma kutoka mashambani, ukaleta nyuzi za pamba zikaning'inia kwenye nywele za Ngassa. Milembe alitamani kuzitoa. Akafunga mikono kifuani ili isimwaibishe.

“Ulioa?”

“Nilichumbia. Mwalimu mmoja, mtu mwema. Siku moja akaniambia, Ngassa, unanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tukaachana kwa heshima. Na wewe?”

“Walikuja wawili. Mmoja alilitaka duka. Mwingine alitaka nilifunge.”

“Wote wajinga.”

“Wote wajinga,” Milembe alikubali.

Ngassa akasogea hatua moja. “Nataka kwenda Nkoma kwa baba yako. Mimi mwenyewe, si kwa kutuma mtu.”

“Atakufukuza.”

“Nitafukuzwa. Nimechimba visima vingi vikavu. Unahamisha mashine, unachimba tena.”

Mkono wa Milembe ukafunguka wenyewe. Ulikuwa umeshafika kwenye ule uzi wa pamba juu ya sikio lake, wakati ardhi ilipotetemeka kwa mlio wa ngoma.

Wote wawili wakaganda. Ngoma ya pili ikajibu kutoka upande mwingine wa uwanja, na chini yake mlio wa njuga, mamia ya njuga.

“Hiyo ngoma gani?” Ngassa aliuliza.

“Sijui. Kwenye ratiba kulikuwa na—” Milembe akashika kichwa. “Kulikuwa na burudani. Philomena aliandika ‘burudani’ tu. Na baba yangu anakuja leo! Joakim ametuma pickup imlete aone sherehe!”

Walikimbia.

Uwanja ulikuwa umejaa. Nusu ya mji ilikuwa imemiminika. Upande wa kushoto walisimama Wagalu wa Nkoma na ngoma zao. Upande wa kulia Wagika wa Shishiyu, na mbele yao mzee mwembamba mwenye manyoya ya mbuni kichwani na filimbi shingoni. Jilala. Na kwenye safu ya mbele ya viti, chini ya turubai, alikaa Mzee Mboje katika koti lake la kaki, kofia juu ya magoti, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Kando yake alikaa mama yake Milembe, Mama Kabula, akila karanga.

Milembe alimvuta Joakim mkono. “Umefanya nini?”

“Kwani nini? Ngoma ya upande mmoja ni mazoezi. Philomena ndiye aliyesema niwaite wote.”

Milembe akamgeukia Philomena. Philomena alikuwa anatazama mawingu, na Julai haina mawingu.

Ngassa alikuwa ameshamfikia baba yake. Milembe aliwasikia, maana Jilala hakujua kusema kwa sauti ndogo.

“Baba, nakuomba. Wimbo ule usiuimbe.”

“Upi?”

“Unaujua.”

Mzee alimtazama mwanawe kwa macho ya kuchoka. “Miaka ishirini na mbili namngoja yule mtu anijibu. Nimeimba na vijana. Nimeimba na wajinga. Hakuna anayejua kunijibu. Manju asiyejibiwa ni kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba tupu. Unadhani namwimbia ili aumie? Naimba ili atoke!”

Akapuliza filimbi. Ngoma zikanyamaza. Akaimba kwa Kisukuma, sauti ya uzee lakini bado inakata kama jani la muwa:

“Fisi kaingia kwa Mboje, Wagalu mlikuwa wapi?
Mboje kaingia kihengeni, mtama ukampokea.
Mke kashika mwiko, fisi kakimbia na njaa yake.
Semeni, mwanamume wa nyumba ile ni nani?”

Hakuna aliyecheka. Zamani walicheka, lakini sasa watu walikuwa wakimtazama mzee mwenye koti la kaki. Mboje alisimama polepole. Akavaa kofia.

Milembe alimfikia kabla hajatoka kwenye kivuli cha turubai.

“Baba, unakwenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Mjibu.”

“Mimi si manju tena, Milembe.”

“Alfajiri ukikamua unaimba.” Aliona uso wa baba yake ukishtuka. “Nimekusikia tangu utoto. Unaimba chini chini, kwenye ubavu wa ng'ombe, kama mtu anayeiba. Nilikuwa naamka mapema ili nikusikie. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, baba. Nilipoambiwa nyumba ile hapana, nilinyamaza. Leo nakuomba hiki. Nina miaka thelathini na miwili na sijawahi kumsikia baba yangu akiimba kwa sauti yake yote.”

Mzee Mboje alitazama uwanja, akatazama viatu vyake. Mama Kabula akameza karanga zake, akasema bila kuinuka:

“Mjibu, baba Milembe. Mimi niliolewa na manju. Sikuolewa na kofia.”

Basi yule mzee akavua kofia. Akavua koti, akampa binti yake. Alitembea kwenda kwa Wagalu wake, na wale vijana wa ngoma, ambao wengi walizaliwa baada ya yeye kunyamaza, wakampisha wakiwa hawapumui. Neno la kwanza lilitoka limekwaruza. La pili likasimama. La tatu likafika ukutani mwa shule likarudi:

“Jilala, rafiki yangu, wimbo wako mtamu, ila una tundu.
Aliyeniona nikiingia kihengeni, yeye alikuwa amesimama wapi?
Ulizeni mgunga ulio mlangoni kwangu, mti wa miiba mirefu:
Asubuhi tulimshusha nani kwa kamba, akimwita mama yake?”

Kwa muda wa pumzi moja uwanja mzima ulifikiri. Halafu ulilipuka. Watu walirusha kofia. Joakim alianguka kutoka kwenye kiti. Na watu wakamgeukia Jilala kuona atafanya nini, na Jilala alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, manyoya yameinama upande, anacheka huku machozi yanamtiririka.

“Kweli!” alipiga kelele. “Kweli tupu! Miiba ile nilitolewa siku tatu!”

Wagika wake walikuwa wameshaanza kuhama, mmoja mmoja, kisha makundi, kuvuka uwanja kwenda kwa Mboje. Jilala akainuka akavuka pamoja nao. Wazee wawili wakasimama uso kwa uso.

“Jibu zuri namna hii,” Jilala alisema. “Ulilipata lini?”

“Siku ile ile.”

“Siku ile ile! Kwa nini ulininyima miaka yote?”

“Ulikuwa mgeni wangu,” Mboje alisema. “Mgeni aliyelala kwangu simtangazi kwamba alilia juu ya mti.”

Kicheko cha Jilala kikakatika. Milembe, aliyekuwa amelikumbatia koti, alisikia maneno yale na ndipo alipoelewa alichokuwa akikiona tangu utoto. Baba yake hakushindwa. Alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza, akakubali kuchekwa na nchi nzima, kwa sababu ya ugali waliokula pamoja.

“Na mimi nilimtangaza mwenyeji wangu,” Jilala alisema kwa sauti ambayo watu hawakuizoea. “Nilidhani ni ngoma tu, Mboje. Nilidhani kesho yake utanivua nguo mbele za watu, tucheke, twende kula.”

“Leo nimekuvua. Tumelingana.”

Jilala alitoa manyoya ya mbuni kichwani pake, akayavika kwenye kichwa cha mwenzake. Wakashikana mabega. Wanawake wakawapigia vigelegele mpaka wazee wakaona aibu.

“Mimi je?” Mama Kabula alisikika kutoka kwenye kiti chake. “Mwiko ulivunjika, na hakuna aliyeninunulia mwingine!”

Vicheko vilipopoa, Ngassa alitoka kwenye umati. Alikwenda mbele ya Mzee Mboje, akachuchumaa, akainamisha kichwa.

“Mwadila, baba.”

“Mwadila.” Mzee alimtazama kwa muda mrefu, manyoya yakitikisika juu ya paji lake. “Wewe ndiye mchimba visima?”

“Ndimi, baba.”

“Kisima chetu Nkoma kina chumvi.”

“Nimesikia, baba.”

“Utakuja kukitazama lini?”

“Hata kesho.”

“Kesho tunakwenda kanisani. Njoo Jumatatu. Na usije peke yako. Mtu haji kutazama kisima cha watu peke yake.”

Ngassa alikunja uso. Kwa kuwa ni mhandisi, alianza kuhesabu. “Nije na mafundi wangu, baba? Ninao watatu, lakini mashine iko—”

Jilala alimpiga bega kwa filimbi. “Na mimi, mjinga wewe! Uje na mimi! Na baba zako wadogo!”

Ilimchukua Ngassa muda kuelewa. Milembe aliona uso wake ukibadilika kutoka hesabu kwenda kwenye mshangao, kutoka mshangao kwenda mahali pengine kabisa. Watu waliokuwa karibu walikuwa tayari wanampongeza Philomena, kana kwamba ndiye aliyeposwa.

“Ngojeni,” Milembe alisema.

Wote wakamgeukia.

“Wazee wamesema. Joakim amesema, ngoma zimesema. Mimi sijaulizwa.”

“Ni kweli,” Mzee Mboje alisema, akakunja mikono. “Mwulize.”

Ngassa akainuka. Alikuja akasimama mbele yake, vumbi na yote, na safari hii hakuinamisha macho.

“Milembe, binti wa Mboje. Utanikubali?”

“Duka langu halifungwi.”

“Halifungwi.”

“Kazi yako iko Mwanhuzi.”

“Nitakuwa nakuja. Lori la pamba, basi, kwa miguu. Nitakuja kila Ijumaa.”

“Kila Ijumaa hainitoshi,” Milembe alisema, na aliona alivyonywea kama mmea usio na maji, hata akamhurumia. “Nilikuwa nafikiri kuhusu duka la pili. Mwanhuzi kuna duka la dawa?”

“Hakuna.”

“Watu wa kule wanaumwa?”

“Wanaumwa sana!” Ngassa alisema, kwa furaha kubwa kupita kiasi, na uwanja ukavunjika tena kwa kicheko, hata Mzee Mboje akaziba uso kwa manyoya.

“Basi nimekubali,” alisema Milembe.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mteja dawa ipo. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, mbele ya baba yake na mama yake na nusu ya Bariadi, na Ngassa akaushika kwa mikono yote miwili. Milembe alimfuta vumbi shavuni kwa ncha ya khanga ya jikoni, na chini ya vumbi shavu lilikuwa na maji.

Mzee Mboje alipiga kelele moja ya kuita ngoma. Akaanza wimbo mwingine, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia, na Jilala akaupokea kana kwamba waliutunga pamoja jana. Milembe akamkabidhi mama yake koti. Alimshika Ngassa, ambaye hajui kucheza na hakuwahi kujua, akamvuta kuvuka uwanja hadi kule walikobaki Wagika wachache, upande ambao mguu wake haukuwahi kukanyaga. Akacheza huko, jua likishuka juu ya mashamba ya pamba yaliyovunwa, sauti nzito ya baba yake ikimfikia hata hapo. Na hakuna aliyemwita arudi.